Imamu Ghazali: Mwanachuoni Aliyeihesabu Nafsi Yake

Kila mwaka jirani zetu Wakristo wanapoingia katika Kwaresima, sisi wakazi wa pwani huiona dalili yake njiani. Ni ile Jumatano ya Majivu, ambapo wengi wao hutoka kanisani wakiwa na alama ya majivu kwenye paji la uso, ili wakumbuke kwamba binadamu ametokana na udongo na udongoni atarejea. Baada ya hapo huwa na siku arubaini za kufunga, kutoa sadaka, kuyapima matendo yao na kutafuta suluhu na Mola wao, mpaka ifike Pasaka. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani ziliingia kwa kupishana siku chache tu, na katika mitaa yetu yenye watu wa dini mbalimbali walikuwako wenye kufunga huku na wenye kufunga kule.

Si kusudi langu kueleza dini ya wenzetu. Wao wanao wajuzi wao. Lakini jambo hili la mja kukaa na nafsi yake akaihesabu, kisha akarudi kwa Mungu, si geni kwetu sisi Waislamu. Wanavyuoni wetu waliliita muhasaba, na huko kurudi kwenyewe ndiko toba. Na katika wote walioandika juu ya jambo hili, sijui aliyelilipia gharama kubwa kama Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali. Jina lake twalisikia sana katika darasa za misikitini, lakini yaliyompata mwenyewe ni wachache wanaoyajua. Kwa hiyo nimeona leo tukumbushane.

MWANA WA MSOKOTA SUFU

Ghazali alizaliwa mwaka 1058, sawa na mwaka 450 wa Hijria, katika mji wa Tus, jimbo la Khurasani, upande wa kaskazini mashariki wa nchi ambayo leo ni Iran. Baba yake, kama wasimuliavyo waandishi wa tarehe, alikuwa mtu maskini aliyesokota sufu na kuiuza, tena alipenda mno kukaa katika vikao vya wanavyuoni. Alipoona mauti yamekaribia, alimwachia sahibu yake mmoja, mtu wa tasawufi, wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba kidogo, awasomeshe. Akiba ile ilipokwisha, yule sahibu ambaye naye hakuwa na kitu aliwashauri vijana wale waingie madrasa, kwani huko mwanafunzi alipata chakula na mahali pa kulala.

Naomba msomaji alishike jambo hili dogo, kwa sababu lina kazi mbele. Mtoto huyu aliingia katika elimu ya dini kwa njaa. Hapana aibu katika hilo, lakini ndiyo mbegu ya swali lililomtesa alipokuwa mtu mzima.

Alisoma kwanza Tus, kisha Jurjan. Kuna kisa mashuhuri cha safari yake ya kurudi nyumbani. Wanyang'anyi waliuvamia msafara na wakachukua kila kitu, pamoja na mfuko uliokuwa na maandishi ya masomo yake. Kijana Ghazali akawafuata, akimwomba mkubwa wao amrudishie karatasi zile tu, kwa kuwa kwao hazikuwa na faida na kwake ndiyo elimu yake yote. Yule mnyang'anyi akamcheka, akamwuliza vipi atadai ana elimu na huku ikichukuliwa mfuko hubaki mtupu. Akarudishiwa karatasi zake, naye alipofika Tus akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika. Tangu siku ile, mwizi asingeweza kumnyang'anya kitu.

Kisha akaenda Nishapur, kwa Imamul Haramain Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa kabisa wa madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu sisi watu wa pwani. Hapo akili yake iling'ara. Alijifunza fikihi, usuli, mantiki na ilimu ya kalamu, akawa hodari wa mijadala. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1085, Ghazali alikwenda katika kambi ya Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, ambaye mlango wake ulikuwa makutano ya wanavyuoni. Aliwashinda katika mijadala mbele ya waziri, na sifa zake zikaenea.

BAGHDAD NA UTUKUFU WAKE

Mwaka 1091 waziri huyo alimpa Ghazali kiti cha ualimu katika Madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Baghdad ndiyo iliyokuwa makao ya Khalifa, na kiti kile hakikuwa na cha kukishinda kwa heshima. Mwenyewe ameandika kwamba alikuwa akiwasomesha wanafunzi 300. Aliandika vitabu mfululizo, akawajibu wanafalsafa katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, akaandika dhidi ya Mabatini kwa amri ya Khalifa. Wakubwa wa dola walitaka ushauri wake. Imepokewa kutoka kwa mtu wa Baghdad wa zama zile kwamba siku Ghazali alipoingia mjini, mavazi yake na kipando chake vilikisiwa kuwa na thamani ya dinari 500.

Mtu wa namna hii, machoni pa watu, hana haja ya toba. Haibi, hanywi, haachi sala, na kazi yake mchana kutwa ni kuifundisha dini ya Mwenyezi Mungu. Ni nani atakayemwambia ajihesabu?

Alijiambia mwenyewe. Katika kitabu chake kidogo kiitwacho Al-Munqidh min al-Dhalal, alichokiandika alipokwisha kupita umri wa miaka hamsini, amesimulia jinsi alivyokaa akayapitia matendo yake moja moja. Akaona kwamba lililo bora katika hayo yote ni kufundisha. Ndipo akaligeuza hilo lililo bora, akalitazama upande wa chini, pale inapokaa nia. Akakuta kwamba hakuwa akifundisha kwa ajili ya Mungu peke yake, bali kinachomsukuma ni jaha na kutaka jina lienee. Naam, ile amali aliyoitegemea imwokoe ndiyo iliyokuwa na ufa.

ULIMI ULIOFUNGWA

Ilikuwa ni mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijria, yaani Julai 1095. Kwa muda ambao mwenyewe aliukadiria kuwa karibu miezi sita, alivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuuacha mji na cheo, jioni matamanio yakamvamia yakaivunja azma yake. Shetani akimwambia kwamba hali hii itapita, na kwamba akikiacha cheo kile huenda siku moja akakitamani tena asikipate.

Kisha likatokea jambo lisilokuwa katika uwezo wake. Siku moja alikaa mbele ya wanafunzi ili asomeshe, ulimi ukakataa. Hakuweza kutamka hata neno moja. Huzuni ikamwingia moyoni mpaka chakula hakimezeki na maji hayapiti kooni, mwili ukadhoofika. Matabibu waliletwa, nao wakakata tamaa. Walisema kwamba ugonjwa huu umeanzia moyoni ukashukia mwilini, na hauna dawa ila moyo wenyewe upate utulivu. Hapo ndipo, kwa maelezo yake, alipomlilia Mungu kilio cha mtu aliyekwama, na ikawa rahisi kwake kuacha cheo, mali, ahali na masahibu.

Mwezi wa Novemba 1095 alitoka Baghdad. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, na moyoni amekusudia Shamu, kwa kuchelea Khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Mali yake aliitoa, akabakisha kiasi cha kutosha matumizi na riziki ya watoto. Nduguye Ahmad akashika kazi ya ualimu kwa niaba yake.

Watu wa Iraki walishangaa, na kila mmoja akatoa tafsiri yake. Wapo waliodhani ameogopa watawala, kwa kuwa miaka mitatu kabla, mwaka 1092, waziri Nizam al-Mulk aliuawa, na Sultani Malik Shah akafariki mwezi uliofuata, na dola yote ikawa katika vurugu. Hata wanahistoria wa leo wamo wanaolitaja hilo. Mimi naona si vibaya kuuliza, kwani hata Ghazali asingetaka tumsadiki mtu kwa jina lake tu. Lakini anayekimbia khofu hujificha mpaka khofu ipite, kisha hurudi kwenye utukufu wake. Basi na tutazame Ghazali alirudi vipi.

MSAFIRI ASIYEJULIKANA

Huko Damascus alikaa katika msikiti mkubwa wa Bani Umayya. Alikuwa akipanda juu ya mnara wa msikiti, akijifungia humo mchana kutwa. Kutoka hapo alikwenda Baitul Muqaddas, akawa akiingia katika Kuba ya Mwamba na kujifungia vilevile. Ilikuwa ni miaka michache tu kabla ya majeshi ya Msalaba kuuteka mji ule mwaka 1099. Kisha akazuru kaburi la Nabii Ibrahimu (A.S.) huko Al-Khalil, akaweka ahadi tatu: hataingia tena kwa sultani, hatapokea mali ya sultani, na hatajadiliana na mtu kwa ajili ya kushindana. Kisha akahiji na kumzuru Mtume (S.A.W.) Madina.

Zitazame vizuri ahadi zile tatu. Hakuahidi kuswali rakaa elfu kwa usiku. Alikwenda palepale penye jeraha. Ugonjwa wake ulikuwa ni mlango wa wakubwa, mali ya wakubwa na ushindi wa mijadala, na hayo ndiyo aliyoyakata. Wengi wetu tukitubu hukimbilia kuongeza sunna mahali tusipokuwa na maradhi, na pale panapouma tukapafunika.

Mwaka 1097 alionekana tena Baghdad, na miongoni mwa waliomwona na kusoma kwake ni Abu Bakr ibn al-Arabi, mwanachuoni kijana kutoka Seville, katika Andalusi. Na yule mtu aliyekisia mavazi yake dinari 500, sasa akayakisia kirati 15 tu. Kutoka hapo Ghazali alirudi kwao Tus.

DAFTARI LA NAFSI

Matunda ya safari ile ni kitabu Ihya Ulum al-Din, yaani Kuzihuisha Elimu za Dini. Kina vitabu arubaini, vilivyogawanywa robo nne: ibada, mila za maisha, mambo yanayoangamiza na mambo yanayookoa. Robo ya mwisho inafunguliwa kwa kitabu cha toba, na cha thelathini na nane ni juu ya kuichunga nafsi na kuihesabu. Hapa Ghazali anaeleza kwa lugha ambayo kila mtu wa biashara katika pwani yetu ataielewa.

Anaifananisha akili na mfanyabiashara, na nafsi na mshirika wake aliyekabidhiwa mtaji. Mfanyabiashara mwenye busara hampi mshirika mali akaenda kulala. Kwanza humwekea sharti asubuhi. Pili humchunga anapofanya kazi. Tatu, jioni hukaa naye wakafungua daftari wakahesabu. Nne, akimkuta amepoteza humtia adabu. Tano humkaza aongeze bidii kufidia hasara. Na sita humlaumu na kumwonya asizoee. Fardhi ndizo mtaji, sunna ni faida, na maasi ni hasara. Amesema pia kwamba mja ajione anafunguliwa kila siku makasha ishirini na manne kwa idadi ya saa, moja lina nuru, moja lina giza, na moja ni tupu kwa sababu saa yake ilipita katika usingizi au mchezo. Na hilo tupu nalo lina majuto yake, kama mwenye duka aliyeiacha faida kubwa ipite mbele ya macho.

Na kuhusu toba, Ghazali hairidhii ile ya mdomoni. Anaijenga juu ya mambo matatu: elimu ya kujua madhara ya dhambi, majuto yanayouchoma moyo, na tendo. Tendo lenyewe lina nyakati tatu: kuacha sasa, kuazimia kwa siku zijazo, na kuyatengeneza yaliyopita. Hapo kwenye yaliyopita ndipo pagumu. Aliyekula mali ya mtu airudishe, na ikiwa mwenyewe amekufa awatafute warithi. Aliyemvunjia mtu heshima yake aende akamtake radhi. Kulia msikitini hakumfutii mtu deni la jirani yake. Kwa maoni yangu, kama Ihya isingekuwa na lolote ila mlango huu, ingekuwa bado yatosha kusomwa.

Kitabu hiki hakikukosa wapinzani. Mwaka 1109, naye Ghazali angali hai, kilichomwa moto Cordoba kwa amri ya watawala wa Murabitun. Wanavyuoni wengine walimlaumu kwa kutumia hadithi zenye sanadi dhaifu, na lawama hiyo ina msingi; ndiyo maana Al-Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 1404, alifanya kazi kubwa ya kuzichambua hadithi za Ihya moja moja. Ghazali ni mwanachuoni, si mtume. Lakini hata wengi waliomkosoa waliendelea kumsoma.

Nasi hapa pwani tumeifikiwa na nuru yake kwa njia ya bahari. Masharifu wa Hadhramaut waliithamini Ihya kuliko karibu kitabu chochote cha wanavyuoni, na wao na wanafunzi wao ndio waliosafiri mpaka Komoro, Lamu na miji mingine ya mwambao, wakaja na elimu yao na mwendo wao wa kuitakasa nafsi.

KURUDI KWA WATU

Sasa turejee kwenye lile swali la nia. Mwaka 1106, baada ya miaka 11 ya Hijria tangu kuiacha Baghdad, Ghazali aliitwa na waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, arudi kufundisha katika Nizamiyya ya Nishapur. Alisitasita. Akataka shauri la watu wenye nyoyo safi, nao wakamhimiza atoke katika upweke, kwani watu walikuwa wanahitaji mwongozo. Akakubali. Mwenyewe ameeleza kwamba ijapokuwa alirudi kwenye kazi ileile, hakurudi yule yule: zamani alifundisha elimu inayomletea mtu cheo, na sasa alifundisha elimu inayomfanya akiache.

Maneno ya mtu juu ya nafsi yake, hata hivyo, si ushahidi kamili. Shahidi tunaye mwingine, naye ni Abd al-Ghafir al-Farisi, mtu wa Nishapur aliyemjua Ghazali tangu zamani. Alikumbuka jinsi alivyokuwa na kiburi, akiwadharau watu kwa ajili ya ufasaha na akili aliyojaaliwa. Aliposikia kwamba amebadilika hakuamini. Alidhani ni vazi la kujionyesha tu. Akamzuru mara nyingi, akimchunguza, mpaka akakinaika kwamba kinyume chake ndicho kweli, na kwamba mtu yule amepona.

Kwangu mimi, ushahidi huu wa Abd al-Ghafir una uzito kuliko mnara wa Damascus. Kujifungia mnarani kwaweza kufanywa hata na mwenye kutaka sifa. Lakini mtu aliyekuwa akidharauliwa na wewe, akaja akakutazama kwa jicho la shaka mara baada ya mara, kisha akatoka akisema umepona, huyo hadanganyiki kwa urahisi. Toba ya Ghazali ilianza kwa kuwakimbia watu, lakini ilithibiti siku aliporudi kwao wakamwona amekuwa mpole.

Hakukaa Nishapur muda mrefu. Alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na zawia ya masufi, akazigawa saa zake baina ya kusoma Kurani, kukaa na watu wa Mungu na kusomesha. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Jumada al-Akhira mwaka 505, sawa na Desemba 18, 1111. Nduguye Ahmad amesimulia kwamba alitawadha, akaswali, kisha akaomba sanda yake. Alipoletewa aliibusu, akaiweka machoni, akanyoosha miguu akielekea kibla, akafa kabla jua halijachomoza. Hakuacha mtoto wa kiume, ila mabinti tu.

Mambo mengi yaweza kujifunzwa katika maisha haya, lakini mimi nalishika moja. Hesabu ya nafsi haiwahusu wezi na walevi peke yao. Inamhusu zaidi yule anayesifiwa: imamu, mwalimu, mzee wa mtaa, mtoaji sadaka ambaye jina lake husomwa hadharani. Mwizi anajua anachodaiwa. Mwema wa watu ndiye anayeweza kufa na daftari lake halijafunguliwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia alifungue.

Duka lenye kuhesabiwa kila jioni halifilisiki ghafla. Basi, ndugu msomaji, usiku wa leo kabla ya kulala, tuchukue dakika chache tuulizane na huyu mshirika wetu: ametumia nini, amepata nini, na anadaiwa na nani. Na kama kuna mlango wa jirani unaostahili kubishwa, tusingoje mpaka mwezi wa mfungo. Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, na atuwafikishe kuzihesabu nafsi zetu kabla haijatujia siku ambayo hesabu haitakuwa mikononi mwetu. Amin.